VIWANJA SITA NI EKARI MOJA YA MPUNGA
*Msimamo wa Tawi kuhusu kujenga ndani ya mji wa Ifakara kabla ya kula mashamba*



Kwa majuma kadhaa kundi letu limekuwa na mjadala mmoja tu. Wapo wanaosema viwanja vilivyolala wazi katikati ya mji vijengwe, na vile vikubwa vikatwe, kwa sababu watu ni wengi na vyumba vya kupanga havitoshi. Wapo wanaosema mji uachwe upumue, na anayetaka kujenga aende nje kwa sababu ardhi ipo. Maneno yamekuwa makali, na wanachama wamefika mahali pa kuitana "madalali" na "wenye wivu". Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa, imesikiliza pande zote mbili, na inatoa msimamo huu.

Ujumbe ni mrefu. Tunaomba usomwe wote kabla ya kujibiwa, na wajumbe wa mashina wawasomee wanachama ambao simu zao hazipokei ujumbe wa namna hii.

*Msimamo kwa kifupi:* Tawi linaunga mkono kujaza mji, yaani kujenga kwanza kwenye viwanja vitupu, mapagala na maeneo makubwa yaliyomo ndani ya Ifakara, kabla ya kupima viwanja vipya kwenye mashamba ya mpunga. Lakini tunaunga mkono kwa masharti manne. Masharti hayo yakikosekana, hatutaunga mkono.

*1. Ardhi yetu inaonekana nyingi, lakini si nyingi*

Mtu akisimama barabarani akatazama bonde, anaona uwazi mpaka macho yanachoka. Hapo ndipo inapotoka kauli ya "ardhi ipo". Tuangalie upande mmoja mmoja. Kaskazini magharibi tuna milima ya Udzungwa, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1992. Kusini tuna Mto Kilombero na mbuga zake zinazojaa maji kila masika. Bonde hilo liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, na eneo lake ni karibu hekta 800,000. Kutoka Udzungwa unashuka Mto Lumemo, ambao hauhitaji kutambulishwa kwa mkazi yeyote wa Ifakara. Ardhi inayobaki katikati ya hivyo vyote ndiyo majaruba yetu, na wengi wetu tumesomeshwa kwa mpunga wake.

Kwa hiyo mji unapotanuka hauendi porini. Unaingia kwenye shamba la mtu, au unaingia kwenye njia ya maji. Sehemu ya tatu haipo.

Na watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 407,880 katika Wilaya ya Kilombero. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya nusu milioni. Daraja la Magufuli, lililofunguliwa 2018, liliondoa shida ya kivuko, na sasa mzigo wa Ulanga na Malinyi unapita hapa bila kusubiri pantoni. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, vyuo vya afya na Taasisi ya Afya Ifakara vinaleta wanafunzi, wauguzi na watafiti wanaotafuta chumba. Watu hawa watalala mahali fulani. Swali letu ni moja tu: walale ndani ya mji ambako barabara na nguzo za umeme zimeshafika, au wafuatwe kwenye majaruba?

*2. Hesabu*

Mwanachama mmoja aliuliza kundini: "Viwanja viwili vitatu vitupu vitabadilisha nini?" Hili ni swali la hesabu, na tunalijibu kwa hesabu. Mfano huu ni wa kueleweshana tu. Hautaji mtaa wa mtu yeyote.

Chukua mtaa wenye viwanja 20, kumi upande huu na kumi upande ule, kila kimoja mita 20 kwa 30. Bomba la maji la kupita mtaa huo lina urefu wa mita 200. Sasa tuseme viwanja sita ni vitupu, vina majani na mapagala. Nyumba 14 zinagawana mita 200 za bomba, yaani kila nyumba imebeba mita 14 na kidogo. Vile sita vikijengwa, kila nyumba inabeba mita 10. Bomba ni lile lile, na wanaochangia kulilipia wameongezeka.

Sasa wapeleke wale sita nje, kilomita mbili kutoka bomba la mwisho. Unahitaji mita 2,000 za kufika na mita 60 za kupita mbele ya viwanja vyao. Gawa 2,060 kwa sita: kila nyumba imebeba mita 343 za bomba. Hapo hatujagusa barabara, nguzo, kalavati, gari la taka, wala mtoto anayetembea kwenda shule. Gharama hiyo hailipwi na aliyenunua kiwanja cha bei rahisi. Tunailipa sote, ama kwa pesa, ama kwa kusubiri huduma miaka na miaka.

Hesabu ya pili ni ya shamba. Viwanja sita vya mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 3,600. Ongeza barabara ya mita 10 kupita mbele yake, mita za mraba 600, unapata 4,200. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Maana yake, kila viwanja sita vinavyolala vitupu mjini vinatugharimu ekari moja ya mpunga shambani, na kidogo juu yake. Magunia unayovuna kwenye ekari yako unayajua mwenyewe. Yapigie hesabu kwa miaka kumi. Halafu kumbuka kuwa shamba likishamwagwa zege halirudi kuwa shamba.

*3. Kiwanja kitupu kinamfaidi nani?*

Wapo walioacha viwanja vyao wazi kwa sababu hawana uwezo wa kujenga. Hao hatuwalaumu. Lakini wapo walionunua ili wasubiri bei ipande. Thamani ya kiwanja hicho inaongezwa na majirani: wamejenga, wameleta fremu za biashara, wamedai barabara, wamechangia mtaro. Mwenye kiwanja hajaweka hata tofali. Anachovuna ni jasho la wengine, na anachowapa ni nyoka, mbu na mahali pa vibaka kujificha.

Tuongeze jambo moja la mapato. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Mama mwenye chumba na sebule ananunua umeme, anakatwa. Kiwanja kitupu hakina jengo wala mita, kwa hiyo hakikatwi chochote. Kama kimepimwa, kinadaiwa kodi ya pango la ardhi, na hiyo ni lazima ifuatiliwe. Hati za viwanja vya mjini zina masharti ya kuendeleza, na muda unaojulikana ni miezi 36. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inampa mwenye hati haki, na pia inampa wajibu.

Tunajua baadhi ya wenye viwanja vya namna hiyo ni wanachama wetu, na wengine ni viongozi. Msimamo huu unawahusu nao. Chama hakiwezi kumwambia mkulima atoe shamba lake kwa ajili ya mji wakati wenye chama wamefuga majani katikati ya mji huo huo.

Wala hili si wazo la kutoka hewani. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ilishaliona tatizo. Ilitaka kutanuka kwa miji kuelekea mashambani kudhibitiwe, na ujenzi ndani ya miji ubanwe na kwenda juu. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 imeweka utaratibu wa mtu kumiliki ghorofa au chumba ndani ya jengo moja na wenzake. Sera tunazo na sheria tunazo. Kinachosubiriwa ni uamuzi wetu wa mahali tulipo.

*4. Hoja za wanaopinga, na majibu yetu*

Wanaopinga kujaza mji si wajinga wala si wenye wivu. Hoja zao tatu zina uzito, na tunazijibu moja moja.

_Hoja ya kwanza: mafuriko na vyoo._ Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Ardhi ya Ifakara iko chini na maji yake yako karibu. Watu wengi wanatumia choo cha shimo na kisima cha pampu ndani ya ua mmoja. Ukikata kiwanja mara tatu bila kuuliza choo kitakaa wapi na kisima kitakaa wapi, umewaletea watu kipindupindu nyumbani. Na kila bati jipya na kila uwanja uliosakafiwa unaongeza maji yanayokimbilia kwa jirani. Masika ya 2024 Lumemo ulipopanda, hakuna aliyeuliza hati ya nani. Tunakubaliana na hoja hii kabisa. Ndiyo maana sharti letu la kwanza linahusu maji.

Lakini hoja hii haisemi tuhamie mbugani. Kule nje maji ni mengi zaidi. Dar es Salaam imetufundisha: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia wakazi wa mabondeni Mabwepande, na bado Bonde la Msimbazi liliendelea kukaliwa na kufurika kwa miaka iliyofuata. Kumtoa mtu bondeni akishajenga ni kazi ngumu. Kumwonyesha pa kujenga mapema ni rahisi zaidi.

_Hoja ya pili: "Hatutaki kuwa Kariakoo."_ Hata sisi hatutaki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Somo la pale ni kwamba ujenzi bila usimamizi unaua, uwe wa ghorofa nne au wa ukuta wa uani. Tunachozungumzia hapa ni nyumba kwenye kiwanja kilicho wazi, vyumba vinne vya kupanga nyuma ya nyumba kubwa, ghorofa moja juu ya fremu kando ya barabara kuu. Huo ni mji wa kawaida kabisa, na unaweza kukaguliwa kama ofisi zenye dhamana ya kukagua zitafanya kazi yake.

_Hoja ya tatu: wenyeji watasukumwa nje._ Wazee wametuambia kiwanja kikubwa si uzembe. Ni mahali pa minazi na miembe, kuku, bustani ya mboga, msiba na harusi, na kwingine ni mahali walipozikwa wazazi. Wanahofia kwamba leo tukisema "kata kiwanja", kesho kijana atauza nusu bila mama yake kujua, na kesho kutwa mama mwenyewe atakuwa mpangaji. Hofu hii ni ya kweli, na imeshatokea kwenye familia tunazozijua.

Hapa tunatoa mfano wa Magomeni Kota, Dar es Salaam. Zile nyumba za chini za zamani zilivunjwa na yakajengwa maghorofa, yaliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Mradi ulirudisha familia 644 zilizokuwa zikiishi pale. Upande mmoja ni mfano mzuri, kwa sababu mji ulijazwa na wenyewe wakabaki. Upande mwingine ni onyo, kwa sababu watu hao walisubiri miaka mingi tangu nyumba zao zivunjwe. Kubaki kwa wenyeji hakuji kwenyewe. Lazima kuandikwe kabla nyundo ya kwanza haijapigwa.

*5. Masharti yetu manne*

*Sharti la kwanza: maji yapite kwanza.* Kabla ya kukata viwanja katika mtaa wowote, mifereji ya mtaa huo ijulikane, izibuliwe, na ioneshwe kwenye ramani. Hakuna kujenga juu ya mtaro, hata kama ni fremu ya kiongozi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mita hizo zihesabiwe kando ya Lumemo kwa kamba, mbele ya wananchi, na ziheshimiwe na wote. Kiwanja kitakachokatwa kioneshe choo, kisima au bomba, na njia ya gari la kunyonya majitaka.

*Sharti la pili: maeneo ya wazi ya umma si viwanja vitupu.* Kujaza mji kusiwe mlango wa kugawana viwanja vya mpira, maeneo ya shule, ya zahanati, ya masoko na ya makaburi. Tofauti ni hii: kiwanja kitupu kina mwenyewe aliyeshindwa au aliyekataa kujenga, na eneo la wazi ni la wote na linafanya kazi likiwa wazi. Likikosekana, watoto watacheza barabarani na maji hayatakuwa na pa kutulia. Kila mtaa uorodheshe maeneo yake ya wazi, na orodha hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa.

*Sharti la tatu: familia ikubali kwa maandishi.* Kukata kiwanja ni lazima kupite kwenye mamlaka ya mipango miji, kama inavyotaka Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Makubaliano ya chini ya mwembe na dalali hayatoshi. Pia Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wenyeviti wa mitaa wasigonge muhuri kwenye karatasi ya mauziano ambayo haina saini ya mke au mume, au ya warithi wote pale mirathi haijafungwa. Asiyetaka kukata kiwanja chake anachokiishi na kukitumia asibughudhiwe. Shabaha yetu ni viwanja vilivyotelekezwa.

*Sharti la nne: shamba likichukuliwa, lilipwe kwanza.* Hata mji ukijazwa vizuri, iko siku utahitaji kutoka nje. Siku hiyo mkulima asigeuzwe mlipaji wa maendeleo ya wengine. Sheria ya Ardhi inasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Utaratibu wa kupima shamba leo na kuahidi fidia mwakani hatutaukubali, na tutausemea kwenye kila kikao tunachoruhusiwa kuingia.

*6. Kazi ya kila mmoja*

Msimamo usio na kazi ni maneno tu. Kwa hiyo tumekubaliana haya:

(a) Kila shina liorodheshe viwanja vitupu, mapagala na mitaro iliyozibwa katika eneo lake. Andikeni idadi, mahali na hali yake. Majina ya watu yasiwekwe kwenye kundi. Yabaki kwenye daftari la shina. Hatufanyi hili ili kumwaibisha mtu.

(b) Wanachama wote wahudhurie mikutano mikuu ya mitaa yao. Mkutano huo ni wa wakazi wote wa mtaa wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wa chama chochote na wasio na chama. Ulizeni maswali mawili: maeneo yetu ya wazi ni yapi, na viwanja visivyoendelezwa ni vingapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

(c) Tutamwomba diwani apeleke hoja hii kwenye Halmashauri ya Mji, ikiwa na takwimu za mashina yetu. Tutaomba pia TARURA na mamlaka ya maji waitwe wasikilize, kwa sababu kupanga nyumba bila kupanga mtaro ni kupanga mafuriko.

(d) Mwenye mgogoro wa mpaka au wa familia aanze na Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, shauri linaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msipoteze pesa kwa watu wanaojidai wanaweza "kumaliza" kesi za ardhi mitaani.

(e) Wanachama wenye viwanja vitupu wana nafasi ya kuonesha njia. Asiye na uwezo wa kujenga anaweza kuingia ubia kwa mkataba wa maandishi, anaweza kuuza kwa atakayejenga, au kwa sasa anaweza kufyeka na kumruhusu jirani kulima mchicha. Kiwanja kilichofyekwa hakifichi kibaka.

*7. Neno la mwisho*

Ndugu wanachama, kwenye mjadala huu hakuna upande usiojenga. Atakayesema "msijenge hapa" amesema "jengeni kule". Na "kule" kwa Ifakara kuna jina: ni jaruba la mtu, au ni njia ya Lumemo. Tunaomba kila mmoja, kabla ya kutoa kauli kwenye mkutano, ajiulize kama kauli hiyo angeweza kuitoa akiwa amesimama mbele ya mwenye jaruba hilo.

Na wale wanaotaka kujaza mji kwa haraka, nao wajiulize kama wangekubali nyumba hiyo ijengwe juu ya mtaro wa nyuma ya kwao.

Maoni, masahihisho na orodha za mashina zitumwe kwa Katibu moja kwa moja. Lugha iwe ya heshima. Sisi ni majirani kabla hatujawa wanachama.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi
Ifakara, Kilombero